Bibi Aliyekuwa Akimwita Netty

Miguu ndiyo ninayoikumbuka kwanza. Kabla ya sura za watu, kabla ya harufu ya ile nyumba, nakumbuka miguu yangu ilivyokuwa ikiwaka moto kila nikifika kituo cha basi, na nilivyokuwa nikiegemea nguzo, navua kiatu kimoja, navaa, navua cha pili. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Tulikuwa tukikaa Thamesmead, pembezoni mwa London, mimi na mume wangu na binti yetu mmoja, fleti ya ghorofa ya tatu, na mimi nilikuwa nikifanya kazi ya kuangalia wazee katika nyumba moja ya matofali mekundu, mwendo wa mabasi mawili kutoka kwetu. Kwetu Unguja nilikuwa mwalimu wa skuli, nikisomesha Kiingereza. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ndiko kulikonitia makosani.

Nilikuja Uingereza nikiamini Kiingereza nakijua. Nilijua umoja na wingi, nilijua wakati uliopita na ujao, nilijua kuandika barua ya kuomba kazi. Siku yangu ya kwanza kazini, saa kumi na moja za jioni, mzee mmoja wa Lancashire, kaskazini ya nchi, aliniuliza kama "tea" iko tayari. Nikamletea chai, maziwa kidogo, na biskuti mbili kwenye kisahani. Akaitazama ile chai, kisha akanitazama mimi.

"Nimekuuliza tea," akasema. "Sijakuomba cha kunywa."

Kumbe kwa watu wa kwao "tea" ni chakula cha jioni chenyewe, nyama na mbatata. Na "dinner", ambayo nimewasomesha watoto wa watu miaka saba kuwa ni chakula cha usiku, kwake ilikuwa chakula cha mchana. Mkate mdogo wa duara, ule unaopasuliwa ukatiwa siagi na jibini, yeye aliuita "barm". Mama mmoja aliyekaa naye meza moja, ambaye alitoka miji ya katikati ya nchi, aliuita "cob". Mpishi wetu, mzaliwa wa hapo hapo London, aliuita "roll", na jina jengine hakutaka kulisikia jikoni mwake. Watu hao watatu waligombana kwa mkate mmoja karibu kila siku, na mimi nilisimama na sinia mkononi nikingoja wamalize.

Mwenzangu wa zamu alikuwa mwanamke wa Kenya, mtu wa Nakuru. Ndiye pekee niliyezungumza naye Kiswahili pale kazini, na hata sisi hatukuwa tukisikilizana sana. Nikisema tungule, yeye husema nyanya. Nikisema mbatata, yeye waru. Nikisema skuli, alinicheka mpaka akakaa kitako. Nilipomlalamikia habari ya barm na cob alinambia, "Dada, hawa ni kama sisi tu. Kila mtu na kwao." Nikalicheka neno hilo, nikalisahau. Kazi ilikuwa nyingi. Tulikuwa watu wawili kwa wazee kumi na wanne, na wengine katika wao ilibidi wanyanyuliwe.

Bibi yule aliletwa siku chache baada ya Idi. Alikuwa mdogo wa umbo, mweupe wa nywele, mikono yake imekakamaa kwa kazi za zamani. Hakuwa na mtoto. Aliyemleta ni mke wa mpwa wa marehemu mumewe, mama wa makamo, mpole, aliyekuwa na haraka ya kurudi kwake kabla barabara hazijajaa. Ndiye aliyejaza fomu. Alisema bibi amekaa London tangu usichana wake, aliwahi kuwa mtumishi katika majumba ya matajiri, kisha akaolewa na dereva wa basi. Pahala pa kuandika alikozaliwa, yule mama aliandika England, basi. Hakujua zaidi.

Wiki za mwanzo bibi alizungumza kama wazee wengine wa London. Alishukuru kwa kila kitu. Kisha, kama tulivyoambiwa kuwa ingekuwa, akili yake ikaanza kurudi nyuma. Akawa hamkumbuki mumewe. Baadaye akaisahau hata kazi aliyoifanya. Na kadiri alivyorudi nyuma, matamshi yake nayo yakabadilika, yakawa na mawimbi ya kupanda na kushuka ambayo sikuwahi kuyasikia, na maneno yakaingia ambayo hayamo katika kamusi niliyokuja nayo. Sote tulisema: maskini, sasa anabwabwaja.

Ndipo alipoanza kumwita Netty.

Alikuwa akishika mikono ya kiti, akijaribu kuinuka, akisema, "Namtaka Netty." Au mimi ndivyo nilivyosikia. Mara nyingi ilikuwa baada ya chakula au baada ya chai ya saa nne. Mwanzo alisema kwa adabu. Akiona hatuelewi alipandisha sauti, na mwisho alilia kwa aibu, amejikunyata, macho chini.

Meneja wetu alikuwa Mwingereza wa London, mwanamke aliyechoka kama sisi, mwenye simu isiyonyamaza. Siku moja alinishika bega ukumbini akaniuliza, "Netty ni nani?"

"Sijui. Labda dada yake," nikasema. "Analia kama mtu anayemlilia dada."

"Wewe unaandika vizuri kuliko wote hapa. Tia katika faili, ili wa zamu nyengine wajue la kumwambia."

Nilifurahi kusifiwa, sikatai. Nikakaa na kalamu, nikaandika kwa hati yangu ya ualimu kwamba bibi humwita Netty mara kwa mara, hasa baada ya kula. Huenda ni dada yake. Atulizwe kwa kuambiwa kwamba Netty yuko njiani anakuja.

Sasa nitasema jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa jikoni huweka kisu chini. Bibi hakuwa akisema "Netty" peke yake. Alikuwa akitia "the" mbele yake, kile kijineno cha Kiingereza kinachowekwa mbele ya kitu na kisichowekwa mbele ya jina la mtu. Nilikisikia. Mimi ambaye niliwahi kuwasimamisha watoto darasani kwa kijineno hicho hicho, nilikisikia kila siku kwa masikio yangu, nikasema ni kosa la uzee. Na nilipokuwa nikiandika katika faili, nikamsahihishia. Nikakiondoa.

Basi tukawa tunamwambia. Mimi, mwenzangu Mkenya, wa zamu ya asubuhi na wa zamu ya jioni. "Yuko njiani, mpenzi. Netty anakuja. Kaa kidogo tu, atafika baada ya chakula." Naye alikuwa akitutazama kama anayetazama watu waliorukwa na akili. Lakini alikaa. Alilelewa kutii. Alikaa akangoja, magoti yamebanana, mpaka aliposhindwa.

Kiti kikalowa mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Ikaamuliwa avishwe pampasi za watu wazima. Uamuzi ule haukuwa wa ukatili. Ndiyo ilikuwa desturi, na kufua kulitushinda. Mimi ndiye niliyemvisha siku ya kwanza. Alinishika kifundo cha mkono, na nguvu zake zilinishangaza, akanambia, "I'm not a bairn." Neno lile la mwisho sikulijua. Nikamwambia, "Ndiyo, mpenzi, najua," kama tunavyosema tukiwa hatujui, nikamfunga, nikamshusha gauni, nikaenda kwa mwengine aliyekuwa ananiita.

Hiyo ilikuwa vuli. Ikapita miezi mitatu hivi.

Katikati ya baridi boila ikaharibika. Mabomba ya joto ukutani yakawa baridi kama mawe, tukawafunika wazee mablanketi wakiwa kwenye viti, wanaonekana pua na macho. Akaja fundi, mtu wa makamo, mnene kidogo, mkoba wa vyuma begani. Alikuwa akituita sote "pet", kama sisi tunavyosema mpenzi, hata meneja, na matamshi yake yalipanda na kushuka. Nilidhani ni Mskochi. Nilikuwa nimemwonyesha chumba cha boila, narudi naye ukumbini kumwonyesha mabomba, ndipo bibi akaanza.

"I want the netty," akasema. Kisha kwa kilio, mara ya pili.

Mimi, kwa mazoea, bila hata kugeuka, nikasema, "Netty anakuja, mpenzi. Yuko njiani."

Fundi alisimama. Aliniangalia kwanza kama nimefanya mzaha, kisha akaona sifanyi.

"Mbona hamumpeleki?" akauliza.

"Kumpeleka wapi?"

"Chooni, pet. Anaomba choo. Netty ni choo. Bibi yangu mimi alikuwa hana neno jengine la choo, mpaka amekufa."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha plastiki chenye maji ya kunywa ya mzee mmoja. Nakumbuka nilikiweka juu ya televisheni, na si pahala pake. Fundi naye akaweka mkoba wake chini, akamwendea bibi, akapiga goti moja mbele ya kiti. Akamsemesha kwa maneno yao, ya kaskazini mashariki ya huko, karibu na mto wenye viwanda vya meli. Mimi sikushika hata nusu. Bibi akanyamaza. Akamtazama usoni kwa muda mrefu, akampapasa shavu, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Fundi akamtajia jina la baba yake na mtaa wao. Bibi akatikisa kichwa kukubali, kama anayewajua.

Nilimpeleka chooni. Pampasi ilikuwa imeshalowa, lakini nilimkalisha, nikasimama nje ya mlango nimeuegesha, na nikamsikia akiimba kidogo kwa sauti ya chini. Nikaegemea ukuta. Sikulia. Ningependa kuandika kwamba nililia, lakini nilikuwa nimechoka mno, na fikra iliyonijia ilikuwa ya hesabu tu: mara nne kwa siku, siku saba, wiki ngapi. Nikaiacha hesabu kabla haijafika mwisho.

Fundi alipomaliza kazi nilimtilia chai nikamweka jikoni. Nilikuwa na maneno mengine, nikamwambia. Nilianza na "cracket". Bibi alikuwa akiomba "cracket" kila akikaa, na sisi tulimpa biskuti kavu, zile za "cracker", naye akizitupa.

"Ni kibao cha kuwekea miguu," akasema fundi. "Kigoda kidogo cha mbao."

"Na spelk? Wiki hii nzima anasema spelk, anauficha mkono."

Fundi alitua kikombe. "Mumeangalia kidole chake?"

Hatukuwa tumeangalia. Tulikwenda pamoja. Chini ya kucha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia, kulikuwa na kibanzi cha mti, pengine cha ile fremu ya dirisha la chumbani kwake, na nyama ilikuwa imevimba inataka kutunga usaha. Nilichoma sindano kwenye moto wa jiko, nikakaa karibu yake, nikakitoa. Hakutetereka. Nilipomwonyesha kibanzi kwenye karatasi alisema, "Spelk," kwa upole, kama mwalimu anayemwambia mwanafunzi mzito.

La mwisho nilimuuliza fundi akiwa mlangoni, koti mwilini. "Na bairn ni nini?"

"Mtoto mdogo," akasema. "Kwa nini?"

"Basi tu," nikamwambia.

Jioni ile nilifika nyumbani, nikatupa viatu mlangoni. Binti yangu, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa sakafuni na vitabu vyake. Alikuwa akikisikia Kiswahili, lakini kujibu hujibu Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa huku. Nikasema, "Mwanangu, naingia msalani kwanza, halafu tule." Niliporudi nilikuta ametandika msala wa kusalia katikati ya chumba, ameuelekeza kibla, ameuweka sawa pembe zote nne.

"Huu wa nini?" nikamuuliza.

Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba mimi ndiye niliyesema msala.

Mume wangu, ambaye alikuwa akikoroga mchuzi, alicheka sana. Mimi nilikaa juu ya ule msala na nguo zangu za kazi, nikamvuta mtoto, nikamwambia, "Msalani ni chooni. Sema na mimi. Msalani." Akasema. "Tena." Akasema tena. Nikamtaka aseme mara ya tatu, ya nne, mpaka akanitazama kwa wasiwasi akaniuliza kama kuna kosa amefanya. Mume wangu akazima jiko, akaja akasimama mlangoni. Niliwaeleza habari ya bibi. Mtoto alisikiliza yote, kisha akasema, kwa Kiingereza, "Lakini mama, wewe si utasema toilet tu?" Nikainuka, nikaukunja ule msala. Tukala.

Meneja nilipomwambia kesho yake alikwenda mwenyewe kulitoa faili kabatini. Alikuwa mtu mwema, nataka hilo lieleweke. Tuliandika ukurasa mpya katika faili. Ule wa zamani haukuweza kutolewa, kwani sheria ilikuwa kwamba kilichoandikwa kimeandikwa. Kilipigwa mstari mmoja mwembamba juu yake, na hati yangu ilisomeka chini ya mstari vizuri sana. Niliandika pia kadi, maneno manne na maana zake, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la bibi. Mume wangu akatengeneza kibao cha miguu kwa mbao za kitanda cha zamani cha mtoto, nikakichukua kwenye basi mapajani.

Kwa muda mambo yalikuwa mazuri kidogo. Akisema netty tulimpeleka, na siku nyengine tuliwahi. Lakini miezi mitatu ni mingi kwa mwili wa mzee. Mwili ulikuwa umeshajifunza kutongoja. Mara nyingi alikuwa akiomba baada ya kwisha, siyo kabla, na akifika chooni hukaa tu, ananitazama, kama anayetafuta neno ambalo safari hii hata fundi asingelijua. Pampasi hatukuziacha.

Na watu wa zamu hawakudumu. Ejensi ya wafanyakazi wa muda ilituletea mtu mpya kila wiki, Mghana, Mfilipino, Mpolandi, wote Kiingereza chao cha kusomea kama changu. Kila mmoja nilimweleza: netty ni choo, cracket ni kibao. Wengine waliandika mkononi kwa kalamu. Wengine walisema ndiyo, ndiyo, na saa moja baadaye niliwasikia ukumbini: "Nani huyo Netty, darling?" Kadi nayo iliondolewa. Alikuja mkaguzi akasema haifai mambo ya choo ya mtu kubandikwa chumbani kwake, ni kumvunjia heshima. Nilisimama pale nikisikiliza neno heshima, nikasema sawa.

Majira ya kuchipua majani bibi alianguka, akavunjika nyonga. Aliporudi kutoka hospitali alipelekwa ghorofa ya juu, kwa wanaohitaji wauguzi, na huko walikuwa wafanyakazi wengine kabisa. Kila mapumziko yangu ya mchana nilikuwa nikipanda ngazi, kwani lifti ilikuwa ya viti vya magurudumu, nikamwona, nikamwambia muuguzi wa siku hiyo yale maneno manne, nikashuka. Mwenzangu Mkenya alikuwa akiniwekea chakula pembeni.

"Dada, utajiua," alinambia siku moja. "Yule ana wauguzi wake."

"Hawamsikii."

"Na wewe ulimsikia lini?" akasema. Kisha akajuta, nikaona amejuta, akanisukumia sahani. "Kula. Waru imepoa."

"Mbatata," nikamwambia.

Tukala.

Bibi alikufa alfajiri moja ya siku zangu za mapumziko. Nilikuta kitanda kimeshatandikwa upya. Kibao kilikuwa kwenye korido, mtu amekitumia kuegesha mlango.

Wiki moja baadaye alikuja yule mke wa mpwa kuchukua vitu. Vilikuwa sanduku moja na mfuko mmoja. Meneja hakuwapo, kwa hiyo nilimtilia chai mimi, nikampa karatasi za kutia saini. Hakuzitia. Alikuwa na bahasha, ameishika kwa mikono miwili.

"Nataka kukuuliza," akasema. "Hospitali walinionyesha nakala ya ukurasa mmoja wa faili lake, umepigwa mstari lakini unasomeka. Wamesema alikuwa akimlilia dada yake. Netty. Sisi hatukujua hata kama alikuwa na dada. Nimeandika barua kwa makanisa huko kaskazini, mume wangu amepiga simu kwa watu wenye jina la ukoo wake wa usichana. Mazishi ni Alhamisi. Nisingependa dada yake asijue. Wewe ulikuwa naye, labda alikwambia anakaa wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nilifikiria hivyo, sifichi. Yule mama angetafuta kidogo, angechoka, angebaki na dada mzuri wa kufikirika. Lakini alikuwa anaandika barua makanisani.

Nikamwambia. Nilimwambia neno lina maana gani, na nani alitujuza, na lini. Akatoa sauti fupi, nusu kicheko, kisha akaiziba ile sauti kwa mkono mdomoni.

"Kwa muda gani mulikuwa mukimwambia anakuja?"

"Miezi mitatu. Zaidi kidogo."

"Nani aliandika kwamba ni dada?"

"Mimi."

Alinitazama. Sikujua nitazame wapi, nikatazama kikombe chake. Chai ilikuwa imeshika utando. Alipozungumza tena alikuwa kama anazungumza na bahasha.

"Miaka ishirini na tano nimemjua. Kila Krismasi alikuwa kwetu. Alikuwa akisema toilet kama sisi, akisema kila kitu kama sisi. Sikuwahi kumuuliza katokea wapi." Akatia saini karatasi zote. Mlangoni akageuka akasema, "Ahsante kwa kunambia," na sikujua kama alimaanisha. Nilimbebea sanduku mpaka garini. Lilikuwa jepesi.

Baada ya hapo nilikwenda kwa meneja nikamwomba jambo moja: katika fomu ya kupokea wazee tutie mistari miwili, mtu amekulia wapi, na kwao wanaitaje choo, chakula, maumivu. Hakubisha. Iliongezwa kwa mashine ya chapa, imekaa upande kidogo. Jamaa wengi wa wazee waliiacha tupu, kwa haraka au kwa kutojua. Basi zile zilizoachwa tupu nilizijaza mimi, baada ya zamu, kwa kukaa na mzee mwenyewe na kumuuliza, ikiwa bado ana akili ya kujibu.

Nilikaa miaka miwili zaidi pale, mpaka mgongo ukakataa, nikapata kazi ya karani. Katika wa mwisho niliowajazia fomu alikuwemo mama wa Glasgow, mkali, mwenye miwani minene. Nilikuwa nimeshavaa koti. Basi langu lilikuwa linapita baada ya dakika kumi, na jengine haliji mpaka nusu saa. Nikamuuliza kwao wanaitaje kwenda dukani kununua vitu vya nyumbani.

"Kwenda messages," akasema.

"Messages? Yaani ujumbe?"

"Ujumbe gani? Mkate, maziwa, nyama ya kusaga. Kwani wewe Kiingereza umesomea wapi?"

"Unguja," nikamwambia.

"Hiyo iko wapi?"

Nikaanza kumweleza, na yeye akanikatiza kunambia jina la mfereji wa maji wa uani kwao, na jina la sandwichi ya kwenda nayo kazini, na la mtoto anayependa kulialia. Dirishani nililiona basi langu likija, likasimama, likaondoka. Nikavua kiatu kimoja chini ya meza, nikamwomba anitajie herufi za lile neno la mwisho.